Zambia: Wachimba Shaba Waliporudi Vijijini

Ndugu wafanyakazi, kila siku tunasikia habari za vijana wanaoacha jembe na kukimbilia mjini. Viongozi wanahutubia juu ya jambo hili, magazeti yanaliandika, na wazee vijijini wanalilalamikia. Ni mara chache tunaelezwa habari za safari ya upande wa pili: watu waliozoea mji, wenye kazi ya mshahara na nyumba ya kampuni, wanafunga mizigo na kurudi mashambani kwa maelfu. Jambo hilo liliwapata jirani zetu wa Zambia, hasa katika miji ya machimbo ya shaba, kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzo wa miaka ya 2000. Tunalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu linamhusu kila mfanyakazi anayelala katika nyumba ya mwajiri wake, awe wa kiwandani, wa chai au wa mkonge.

HESABU ZA WATU

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ilikuwa nchi ya shaba. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za fedha za kigeni zilitokana na madini hayo. Watu walimiminika Kitwe, Ndola, Mufulira, Luanshya, Chingola, Chililabombwe na Kalulushi. Hesabu ya watu ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba karibu watu 40 katika kila 100 waliishi mijini. Nchi chache sana za Afrika kusini ya Sahara zilifikia kiasi hicho wakati ule.

Wataalamu wengi waliamini kwamba hesabu hiyo itazidi kupanda. Haikuwa hivyo. Mwaka 1990 ilikuwa imeshuka kidogo, na mwaka 2000 ilikuwa karibu 35 tu katika kila 100. Kati ya 1990 na 2000 watu wa jimbo la Shaba waliongezeka kwa chini ya mmoja katika mia kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya wawili. Miji ya Luanshya na Mufulira ilipungukiwa watu. Watoto walikuwa wakizaliwa mijini kama kawaida, kwa hiyo upungufu huo una maana moja tu: watu wengi walikuwa wakiondoka kuliko waliokuwa wakiingia.

Hakuna askari aliyewapakia katika malori. Sisi Tanzania twaikumbuka sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo watu walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kupelekwa vijijini, na wengi wao wakarudi mjini baada ya muda mfupi. Huko Zambia serikali ya Rais Kaunda nayo iliwahimiza watu kwa miaka mingi warudi kulima, lakini hotuba hazikuwaondoa watu mijini. Kilichowaondoa ni njaa, kodi ya nyumba na kukosa kazi.

KAZI MJINI, UZEE KIJIJINI

Ili tufahamu habari hii lazima turudi nyuma. Machimbo makubwa yalipofunguliwa katika miaka ya 1920 na 1930, makampuni yalitaka nguvu za kijana, si mtu mzima na familia yake. Kodi ya kichwa ndiyo iliyomtoa kijana kijijini. Alipewa mkataba, akabeba chitupa chake mfukoni, akafanya kazi, na mkataba ulipokwisha alitakiwa kurudi kwao. Wengi walitoka kwa Wabemba wa kaskazini, na wengine walitoka mbali zaidi, Nyasaland na hata Rungwe kwetu, kwa maana Wanyakyusa nao walikwenda kuchimba shaba.

Mshahara wa wakati ule ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja asiye na mke. Mwajiri alihesabu kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la kijijini, na kwamba mfanyakazi mwenyewe atalishwa na shamba hilohilo akiugua au akizeeka. Hii ilikuwa faida ya siri ya makampuni. Kijiji kilimlea kijana bure mpaka akafaa kwa kazi, kisha kikampokea bure alipochakaa.

Wafanyakazi hawakulikubali jambo hili kimya. Mwaka 1935 waligoma kwa sababu ya kupandishwa kodi, na watu 6 waliuawa kwa risasi huko Luanshya. Mwaka 1940 waligoma tena, na 17 walipoteza maisha yao huko Nkana. Mwaka 1949 wachimbaji Waafrika waliunda chama chao, na kwa nguvu ya chama hicho mishahara ilianza kupanda. Makampuni nayo yaliona kwamba mtu mwenye ujuzi anafaa kukaa kazini muda mrefu, yakajenga nyumba za familia. Baada ya uhuru mambo yalizidi kuwa mema. Serikali ilichukua sehemu 51 katika 100 za machimbo, na mwaka 1982 makampuni mawili yaliunganishwa kuwa moja, ZCCM. Kampuni hiyo iliendesha hospitali, ikaleta maji na umeme, ikazoa takataka na kuzitunza timu za mpira.

Lakini jambo moja halikubadilika. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Siku mtu alipofikisha miaka 55, au alipoachishwa, alitakiwa kukabidhi ufunguo. Mji ulimkubali kama mfanyakazi, na kazi ilipokwisha aliambiwa aende kwao kama zamani.

SHABA ILIPOANGUKA

Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia, halafu ikaanguka vibaya, na mwaka 1975 hali ilikuwa ngumu. Wakati huohuo bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Serikali ilikopa ikitumaini kwamba shaba itainuka upesi. Haikuinuka kwa miaka mingi. Mitambo ilichakaa bila vipuri, na mashimo yakazidi kwenda chini ambako kuchimba kuna gharama kubwa. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 700,000 mwaka 1969 ilitoa chini ya tani 300,000 mwaka 2000.

Wakopeshaji wa nje walitaka ruzuku ya chakula iondolewe. Desemba 1986 bei ya unga wa mahindi ilipandishwa kwa zaidi ya mara mbili. Watu wa miji ya Shaba waliingia barabarani, na watu wapatao 15 wakauawa kabla serikali haijairudisha bei ya zamani. Juni 1990 bei ilipandishwa tena, na ghasia zikazuka tena. Mwaka uliofuata wananchi walimchagua Frederick Chiluba, aliyekuwa mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, awe rais badala ya Kaunda. Wafanyakazi walikuwa na matumaini makubwa.

Serikali hiyo mpya ndiyo iliyouza machimbo, kati ya 1997 na 2000. Katikati ya miaka ya 1970 machimbo yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000. Mwaka 2001 walibaki karibu 20,000. Machimbo ya risasi na zinki ya Kabwe yalikuwa yamekwisha fungwa mwaka 1994, yakaacha udongo wenye sumu ya risasi ambao hadi leo unadhuru watoto. Huko Luanshya mnunuzi aliyepewa machimbo mwaka 1997 alishindwa kuyaendesha. Mwaka 2000 yaliwekwa chini ya mfilisi, na wafanyakazi walingoja miaka wakidai haki zao.

KIINUA MGONGO KILICHOLIWA NA BEI

Mtu akiachishwa kazi jambo la kwanza analouliza ni kiinua mgongo. Wachimbaji wa Zambia walikuwa na akiba, lakini pigo la kwanza lilitoka katika fedha yenyewe. Mwaka 1992 na 1993 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya mara mbili kila mwaka. Fedha ambayo Januari ingetosha kununua ng'ombe wawili wa kulimia, Desemba haikutosha kununua mmoja. Aliyecheleweshewa malipo yake kwa mwaka mmoja alikuwa amekatwa nusu bila barua wala saini.

Pigo la pili lilikuwa nyumba. Kuanzia mwaka 1996 serikali iliamua kwamba nyumba za kampuni ziuzwe kwa waliomo ndani yake. Hili lilikuwa jambo jema kwa upande mmoja, maana kwa mara ya kwanza mchimbaji aliweza kuwa na nyumba mjini iliyo yake. Lakini bei ya nyumba ilikatwa katika kiinua mgongo. Watu wengi waliishia na kuta nne na mfuko mtupu. Na maji na umeme, ambavyo zamani kampuni ilivigharimia, sasa vilikuja kwa hati ya kulipia.

Hapo ndipo familia zilipoanza kugawanyika. Wengine walipangisha vyumba, wakaenda shamba huku kodi ndogo ya wapangaji ikiwasaidia kununua chumvi na sabuni. Wengine walimwacha mama mjini na biashara yake ya sokoni, baba akatangulia kijijini kufyeka. Wengine hawakwenda mbali: walifungua mashamba pembeni mwa miji, hata ndani ya misitu ya serikali, wakalima mahindi na kuchoma makaa. Kwa kuwa hawakuwa na hati, waliishi kwa hofu ya kufukuzwa, na baadhi yao walifukuzwa.

MAPOKEZI KIJIJINI

Waliokwenda mbali walipanda gari-moshi la TAZARA pale Kapiri Mposhi, njia ileile inayokuja Dar es Salaam, wakashuka Mpika au Kasama na mizigo yao: vitanda, makabati, redio, baiskeli na mabati machache.

Watu wa mjini hupenda kusema kwamba kijijini hakuna shida, ardhi ni bure na ndugu wako wapo. Zambia imetuonyesha kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli. Ardhi ya kijiji hupatikana kwa ruhusa ya chifu na wakubwa wa ukoo, na wao humtazama mtu kwa matendo yake ya nyuma. Aliyekuwa akituma nguo na fedha, akija msibani, akiwapokea wapwa zake mjini na kuwasomesha, alipata mahali pa kujenga. Aliyekaa miaka ishirini bila salamu aliona nyuso baridi. Mkono mtupu haulambwi, na kijiji nacho kina hesabu zake ingawa hakiziandiki.

Tena tusiwalaumu watu wa kijijini upesi. Kila mzigo ulioshuka ulikuwa na midomo ya kulisha. Mgeni hakujua tena kilimo cha kwao, cha kukata matawi, kuyachoma na kupanda ulezi katika majivu. Kazi ya kupanda miti na kukata matawi inataka nguvu za kijana, na mtu wa miaka 55 aliyepumua vumbi la mashimoni hanazo. Akilima mahindi, atahitaji mbolea. Na hapo alikutwa na bahati mbaya nyingine. Shirika la serikali lililonunua mahindi na kuleta mbolea vijijini, NAMBOARD, lilivunjwa mwaka 1989, na ruzuku za mbolea zikapunguzwa miaka iliyofuata. Wafanyabiashara waliotazamiwa kuchukua mahali pake hawakupenda kupeleka malori yao mahali penye barabara mbaya. Mwaka 1992 ukame mkubwa ukaipiga Afrika ya kusini yote. Kwa hiyo mfanyakazi alitolewa mjini wakati uleule msaada ulipotolewa kijijini.

Palikuwa pia na maneno ya uchawi. Mtu mwenye redio na makabati kati ya watu wasio na kitu huogopa husuda, na mtu mwenye bahati mbaya hutafutiwa sababu. Wastaafu wengi waliogopa vijiji vyao kwa sababu hiyo, na hofu ya namna hii huvunja ujirani kweli hata kama chanzo chake ni umaskini tu.

WANAWAKE NA WATOTO

Mjini watu huoana bila kujali kabila. Siku ya kurudi kwenu, "kwenu" ni wapi? Mume Mlozi wa magharibi na mke Mbemba wa kaskazini hawana kijiji kimoja. Wabemba huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo watoto ni wa ukoo wa mama yao, na zamani mali ya mwanamume iliwaendea wapwa zake. Mke aliyefuatana na mumewe kwao alijua kwamba mume akifa yeye atabaki mgeni. Wanawake wengi walikataa kwenda, na hatuwezi kuwaita wakaidi. Walifanya hesabu yao.

Sheria ya mirathi ya mwaka 1989 iliagiza kwamba asipokuwapo wosia, watoto wapewe nusu ya mali, mjane sehemu 20 katika 100, wazazi 20, na jamaa wengine waliomtegemea marehemu 10. Sheria hiyo ilikuwa msaada mkubwa, lakini mjane aliye mbali na mahakama bado alipokonywa sufuria na vitanda na ndugu wa mumewe. Na wajane walikuwa wengi, kwa maana hiyo ndiyo miaka UKIMWI ulipokuwa ukiua vijana wa makamo. Wazee waliorudi wakitumaini kusaidiwa na watoto wao walijikuta wakizika watoto hao na kulea wajukuu.

Watoto nao walipata taabu yao. Walizaliwa mjini, wakasema Kibemba cha mjini chenye maneno ya Kiingereza ndani yake. Kijijini walichekwa kwa lugha yao na kwa kutojua kushika jembe. Shule ilikuwa mbali na walimu wachache. Vijana wengi walirudi mjini peke yao wakalale kwa jamaa na kuuza vitu barabarani. Hivyo familia moja iligawanyika mara mbili: wazee kijijini, vijana mjini, na katikati nauli isiyopatikana.

KIJIJI KILIPATA NINI

Ingekuwa si haki kusema kwamba hakuna jema lililotokea. Fundi wa kuchomelea vyuma ni fundi hata porini. Mtu aliyejua injini aliweza kutengeneza kinu cha kusaga, na kinu kikiwa karibu kinawapunguzia akina mama mwendo mrefu. Waliozoea vikao vya chama walijua kuendesha mkutano, kutunza daftari na kudai risiti, mambo yanayofaa katika kanisa, kamati ya shule na ushirika. Waliotayarisha mapema, waliojenga nyumba na kupanda miti ya matunda wakiwa bado kazini, walikaa vizuri na kuheshimiwa. Tofauti kati yao na wenzao haikuwa bahati peke yake. Ilikuwa fedha iliyolipwa kwa wakati, ardhi iliyojulikana, na undugu uliotunzwa.

Baada ya mwaka 2004 bei ya shaba ilipanda, na machimbo mapya yakafunguliwa upande wa kaskazini magharibi, Kansanshi na Lumwana. Watu walianza tena kuelekea mijini, na hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha tena karibu watu 40 wa mjini katika kila 100. Lakini sehemu kubwa ya kazi hizo mpya ilikuwa ya mikataba mifupi kwa wakandarasi, bila nyumba na bila uzee. Yaani kijana wa leo anaajiriwa kwa masharti yanayofanana na ya babu yake.

MAFUNZO KWETU

Wafanyakazi wa mkonge wa Tanga hawatashangazwa na habari hizi. Manamba waliletwa kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, na mkonge ulipoanguka kutoka zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 hadi karibu tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, wazee wengi walibaki katika kambi zilizochakaa, hawana kazi wala nauli wala kijiji kinachowakumbuka.

Tunaloliona sisi ni hili. Mwajiri anapomwambia mfanyakazi "wewe una kwenu", anataka kijiji kilipe deni lake yeye. Kurudi shamba kwa hiari, na akiba mkononi, ni jambo la heshima. Kurudishwa kwa njaa ni kupunguziwa mshahara mara ya mwisho. Kwa hiyo tunayaomba matawi yote yajadili mambo haya katika mikutano yao:

(a) Kiinua mgongo kilipwe siku mtu anapoacha kazi. Kikicheleweshwa, kiongezwe kwa kadiri bei zilivyopanda.

(b) Mfanyakazi asitolewe katika nyumba ya kampuni kabla hajalipwa haki zake zote. Na nyumba ikiuzwa, bei isimalize kiinua mgongo chote.

(c) Nauli ya familia na mizigo mpaka kwao iandikwe katika mkataba, isiachwe kwa huruma ya meneja.

(d) Mke ajue haki za mumewe kazini, na mume ajue za mkewe. Majina ya warithi yaandikwe upya kila familia inapobadilika.

(e) Mstaafu asifutwe katika daftari la chama. Chama cha wachimbaji wa Zambia kilipoteza wanachama kwa maelfu, na wale waliokuwa na madai makubwa kuliko wote walikuwa wametawanyika vijijini, hawana tawi wala msemaji.

Na wewe, ndugu msomaji, usingoje barua ya kuachishwa ndipo uulize shamba la babu yako limebaki kwa nani. Wapelekee salamu sasa, uwe bado una mshahara wa kununulia kilo ya chumvi.